Sura ya Tisa: Mtu Ambaye Hakupita Kwemzumbi

"Mzinga ule haupandi basi, afande."

Hilo ndilo jibu pekee ambalo mtuhumiwa, mrina asali aitwaye Zaidi, alilitoa bila kubanwa, na Inspekta Maryamu Mdoe aliliandika kama lilivyotoka huku askari aliyekaa pembeni akicheka. Swali lilikuwa lile lile ambalo kila mtu kituoni alishaliuliza. Mtu mwenye akili zake, anayetaka kutoka Magoma kwenda Mazinde, ataachaje basi la kupitia Korogwe, aukwee mlima mzima wa Usambara kwa miguu, mzinga wa nyuki ukiwa kichwani?

Mengine yote yalikuwa dhidi yake. Alhamisi ya wiki iliyopita, jua likielekea kuzama, Raymond, mlinzi wa ghala la mahindi pale Magoma, alipigwa nondo ya kichwa, na hadi sasa alikuwa hospitalini hajafumbua macho. Erasto, kijana wa bodaboda, aliapa kwamba alimwona Zaidi akitokea mlango wa nyuma wa ghala saa ile ile. Muda si mrefu kabla ya hapo Zaidi na Raymond walikuwa wameshikana mashati kwa sababu ya mbuzi walioingia shambani. Na Zaidi alipokamatwa Mazinde, Jumamosi iliyofuata, jicho lake la kushoto lilikuwa limevimba hadi likaziba. Polisi walisema ni ngumi ya Raymond. Yeye alisema ni nyuki. Mrina asali yeyote angesema ni nyuki.

"Nani alikuona njiani?" Maryamu alimuuliza.

"Hakuna."

"Vijiji vyote vile vya mlimani?"

"Hakuna aliyeniona, afande. Andika hivyo."

Aliandika, lakini kalamu ilikuwa nzito. Alishahoji waongo wengi katika kazi yake, Handeni kwao na sasa hapa Korogwe, na wote walikuwa na tabia moja: mwongo hutafuta shahidi, na akimkosa humtunga. Huyu alikuwa anawafukuza mashahidi. Alikuwa kijana wa mabega mapana, mwenye shingo nene ya watu wabebao mizigo, na kila alipoulizwa habari za njia aliinamisha uso kama mtu aliyeshikwa ugoni.

Mkuu wake wa upelelezi hakuona haja ya kuchelewa. Jumatatu jalada lingekwenda kwa wakili wa serikali, na endapo Raymond angekufa, Zaidi angesomewa shitaka la mauaji. Maryamu aliomba ruhusa ya kuipita njia ile mwenyewe, kutoka Magoma mpaka Mazinde, kabla jalada halijafungwa. Mkuu alimtazama viatu, kisha uso.

"Mdoe, wewe Mzigua wa Handeni. Kilima kirefu kwenu ni kichuguu."

"Ndiyo, afande. Nitakwenda polepole."

Mkuu alicheka, akampa hadi Jumapili.

* * *

Aliyempeleka ni Faudhia, dada mkubwa wa Zaidi, mwanamke mfupi, mkavu wa mwili, aliyejitokeza Magoma Ijumaa alfajiri na mapema na furushi la unga na chumvi la kumpelekea shangazi yake upande wa pili wa mlima. Miguuni alivaa kandambili. Maryamu alipomuuliza kama hatabadilisha, Faudhia alijibu kwamba zile buti za serikali ndizo zitakazobadilishwa, na wakaanza.

Mashamba ya machungwa yaliisha mapema. Njia ikasimama wima. Haikuzunguka mlima kama barabara za wahandisi zinavyoubembeleza. Iliukabili uso kwa uso, mizizi ikiwa ngazi na mawe yakiwa mahali pa kupumulia. Maryamu alikwea akihema kwa mdomo, na kila alipoinua kichwa aliona visigino viwili vilivyopasuka vikienda juu mbele yake, bila haraka, bila kusita, furushi limetulia juu ya ngata ya majani ya mgomba kana kwamba limeota pale. Faudhia alikuwa akizungumza njia nzima, na hata mara moja pumzi haikumkatika.

Wakaingia msituni, baridi ikawapokea. Miti ya mikulo ilisimama minene kuliko nguzo za msikiti, ukungu ukipita katikati yake kama moshi unaotafuta tundu. Maji yalilia kila upande bila kuonekana. Mbega waliruka juu yao, manyoya meupe yakiwafuata nyuma, na Maryamu, ambaye alikulia mahali ambapo mama yake alifuata maji kwa punda, alisimama kwenye kijito cha tano au cha sita akayainamia yale maji na kuyaacha yapite vidoleni. Hakuwa mtu wa kustaajabu kazini. Lakini nchi hii ilimlazimisha. Milima ilipandana bega kwa bega, ukimaliza mmoja mwingine umesimama nyuma yake umekunja mikono, na juu kabisa, mahali ambapo alidhani hapana mtu, palikuwa na shamba la viazi limepangwa matuta, na mtu yuko ndani yake anapalilia.

"Shikamoo, mama," Faudhia alimwita.

"Marahaba. Huyo mgeni wako mbona anahema hivyo?"

"Mzigua. Hawajaona mlima."

"Mpe muwa atafune, asitufie hapa."

Walimpa muwa. Maryamu aliutafuna akiandika. Kila nyumba waliyoipita iliwasalimu, iliwauliza watokako na waendako. Kila nyumba. Alipowauliza kuhusu mtu na mzinga, watu wa mteremko wa kwanza walikumbuka bila taabu: ndiyo, Alhamisi ile asubuhi, kijana wa Magoma, hakutaka hata kukaribishwa maji, alipita mbali na nyumba. Basi Zaidi alikuwa ameonwa. Lakini asubuhi haikumsaidia, kwa maana mtu angeweza kukwea asubuhi na kuteremka tena jioni akampiga Raymond. Ilibidi aonekane mbali zaidi na baadaye zaidi. Na kwa nini alisema hakuna aliyemwona, hali watu wamemwona?

Karibu na kilele walikutana na wanaume wanateremka mbio mbio wamebeba machela. Juu yake alilala mwanamke amefunikwa blanketi, anapelekwa hospitali. Faudhia hakusema neno. Aliliteremsha furushi lake kwenye nyasi, akaingiza bega chini ya mti wa machela mahali pa mzee mmoja aliyechoka, akaondoka nao, akirudi kule kule walikotoka. Maryamu alibaki amekaa karibu na chumvi na unga. Faudhia aliporejea, jasho lilikuwa limemlowesha kanga yote, na alijitwika tena kama mtu aliyekwenda kuchuma mboga nyuma ya nyumba.

"Wanakujua wale?" Maryamu aliuliza.

"Siwajui. Ni mgonjwa. Akija mgonjwa au maiti, mzigo unashuka. Hakuna barabara huku, mdogo wangu. Tukisema kila mtu na safari yake, nani atafika hospitali? Nani atafika kaburini?"

"Na asiyeutua mzigo?"

Faudhia alitembea kidogo kabla ya kujibu.

"Huyo kwetu hakupita. Hata ukimwona, hujamwona. Hatajwi."

Maryamu hakuandika. Aliyatazama tu yale maneno yakimzunguka kichwani, kisha akahimiza mwendo.

* * *

Kwemzumbi ilikuwa shimoni kati ya milima miwili, nyumba za bati na migomba, jua likiingia kwa muda mfupi tu. Walifika mchana umekwisha, tena bila mizigo ya maana na bila kulala popote. Maryamu alihesabu kwa miguu yake mwenyewe: mtu aliyekuwa hapa baada ya adhuhuri hawezi kuwa Magoma jua linapozama. Barabara ya gari haikuwapo, na bodaboda haikufika tangu mvua zilipobomoa njia ya upande wa Bungu.

Aliyewapokea ni Mzee Kaniki, mtu mrefu mwenye kanzu iliyofuliwa hadi ikachoka. Ndugu yake, Mzee Abdi, alikuwa amefariki karibuni; kaburi bado lilikuwa jekundu pembezoni mwa migomba. Maryamu alitoa pole, akakaa, akanywa uji aliopewa. Kisha akauliza, kwa upole, kama kuna mtu aliyewahi kupita pale na mzinga kichwani katika siku hizi za karibuni.

"Siku ya maziko hakupita mtu," alisema Mzee Kaniki.

Wanaume wengine barazani walitazama chini, mmoja baada ya mwingine.

Maryamu aliweka bakuli chini. "Mzee wangu, mimi sikutaja siku ya maziko."

Mzee alivuta kanzu yake juu ya magoti.

"Mmezika lini?"

"Alhamisi ile, baada ya sala ya adhuhuri," alisema Mzee.

Inspekta hakumkaripia. Alifungua kitambulisho chake, akakiweka juu ya mkeka, akawaeleza habari yote tangu mwanzo: Raymond, nondo, Erasto, jalada la Jumatatu. Akawaambia kwamba kijana yule naye anasema hakuna aliyemwona. Yeye hawasemi, wao hawamsemi, na katikati ya adabu zao mbili mtu anakwenda kufungwa. Faudhia, aliyekuwa amesimama uani, aliketi chini palepale alipokuwa. Sasa alishaelewa ni aibu gani mdogo wake alikuwa ameifunika.

Mzee Kaniki aliuma midomo. Alipoanza kusema, hasira ilimtoka kama maji yaliyobomoa tuta.

"Tumebeba jeneza. Ukungu umeshuka. Anatokea huyo, mzigo kichwani, jicho moja limevimba kama andazi. Anatuona. Hatui. Hasemi pole. Anageuka, anaiacha njia, anapanda ukingo ule pale kama anayekimbia uvundo. Na si hilo tu, afande. Alikuwa anaimba."

"Anaimba?"

"Kooni. Kinywa amefumba. Ndugu yangu yuko mabegani mwetu, yeye anaimba."

"Wimbo gani?"

Wanaume walitazamana. Mmoja alisema haukuwa na maneno. Mwingine alisema ulikuwa sauti moja tu, mmm, toka chini ukingoni mpaka alipopotea juu.

"Bila kuvuta pumzi?" Maryamu aliuliza.

Aliinuka, akaomba aonyeshwe ukingo. Mvua ilikuwa imefuta nyayo zote, lakini ukingo wenyewe ulitosha kuwa ushahidi: udongo mtelezi, mwinuko wa kushikia kwa mikono, upupu umetanda katikati. Maryamu alijaribu kuupanda mikono mitupu. Aliteleza akaangukia goti. Akajaribu tena, akafika nusu, akawa anahema kiasi cha kushindwa kusema jina lake. Akiwa pale, ameng'ang'ania mzizi, upupu unamwasha mikononi, alilisikia tena lile jibu la chumba cha mahojiano, mzinga ule haupandi basi, na safari hii hakusikia ujeuri ndani yake.

Babu yake alikuwa mfuga nyuki kule Handeni. Mara nyingine alihamisha mzinga mzima na wenyewe ndani: mdomo umezibwa kwa majani, mtu anatembea kama amebeba maji ya moto, na wajukuu wote wamefungiwa ndani. Hakuna basi linalopakia kitu kile. Hakuna bodaboda. Hutui njiani, kwa sababu ukitua peke yako unakitikisa, na ukikitikisa majani yanachomoka.

Aliteremka kwa makalio, akasimama mbele ya Mzee Kaniki na suruali yote matope.

"Mzinga ulikuwa na nyuki, mzee. Umejaa. Jicho lile lilikuwa limeshaumwa njiani; maana yake majani yalishaanza kulegea. Aliwaona ninyi mnakuja na jeneza, mikono yenu yote imeshika, hamwezi hata kujifunika uso. Angeutua, wangetoka. Angepita katikati yenu, angemgusa mmoja bega tu, wangetoka. Mngelitupa jeneza, mzee. Mngekimbia mkaliacha njiani."

Mzee Kaniki alitazama ukingo. Kisha akatazama goti la Inspekta, lililokuwa likivuja damu.

"Angesema," alisema, lakini hakuisukuma sana ile sauti.

"Apige kelele juu ya maiti? Alichagua mumwone mtu asiye na adabu. Na aibu hiyo anailinda mpaka leo, kuliko anavyojilinda mwenyewe. Kila swali langu lilikuwa linampeleka kwenye jeneza lile, ndiyo maana alikuwa anazifunga njia zote."

Mzee alisema, taratibu, kwamba huenda ni kweli. Lakini neno la wakubwa lilishasemwa juu ya kaburi kwamba mtu yule hakupita, na yeye hana uwezo wa kulirudisha peke yake.

Ndipo waliposikia sauti kutoka ndani. Bi Hajira, mjane wa Mzee Abdi, alikuwa katika eda. Hakutoka, wala wanaume hawakuingia. Alimwita mgeni wa kike. Maryamu alivua buti, akapita chini ya pazia. Alimkuta mwanamke mnene, mzee, amejifunga nguo nyeupe, amekaa kitandani mikono juu ya magoti. Alikuwa amesikia kila kitu. Alimtazama Inspekta matope yake, akamwambia akae pale pale kitandani, asijali shuka.

"Mume wangu alikuwa na mizinga," alisema. "Nilikuwa dirishani siku ile. Niliusikia ule mlio nikajua. Nikasema moyoni, Abdi, nyuki wamekuja kukuaga. Sikumwambia mtu. Nilidhani ni uchungu umenipanda kichwani."

Alipangusa uso kwa upindo wa nguo, kisha akapaza sauti kuelekea pazia, sauti ya mwenye nyumba.

"Shemeji."

"Labeka," alijibu Mzee Kaniki kutoka nje.

"Msiba ni wa nani?"

"Wako, shemeji."

"Basi mimi ndiye niliyepitwa, na mimi nasema amepita. Nimemwona na ninyi mmemwona. Kama si eda ningeshuka mwenyewe. Vaa viatu ukaseme."

Kisha akasikika mzee akiuliza viatu vyake viko wapi, na akiongeza kwa hasira kwamba atakwenda, ila huyo kijana asitegemee kusalimiwa naye.

* * *

Walilala hapo, wakaendelea Jumamosi, watatu sasa. Walikwea mgongo wa mwisho, wakapita mahali ambapo mashamba ya kabichi yalining'inia juu ya mawingu, na ghafla nchi ikaisha. Chini, mbali sana, palikuwa na uwanda wote wa Mazinde, mistari ya mkonge imechanwa kama nywele za bibi harusi, na barabara kuu nyembamba kama uzi. Maryamu alisimama. Alikuwa ameipita barabara ile maisha yake yote akiutazama ukuta huu wa mlima kupitia dirisha la gari, na hata siku moja hakuwaza kwamba juu yake mtu anaweza kutembea na kundi zima la viumbe hai kichwani, asiwapoteze, asimwumize mtu.

Walishuka magoti yakilia. Shamba la Zaidi, alilokuwa akiuhamishia mzinga, lilikuwa pembeni ya mkonge. Polisi waliomkamata walishauona mzinga ule ukining'inia mtini, kama inavyoning'inia mizinga ya kila shamba, wakaupita. Maryamu alimsimamisha Mzee Kaniki mbali kidogo. Nyuki walikuwa wanatoka na kuingia, wakielekea kwenye maua marefu ya mkonge. Mzee aliinamisha kichwa upande mmoja, akasikiliza mpaka Faudhia akachoka kusimama.

"Ndio wimbo wenyewe," alisema.

* * *

Gwaride la utambulisho lilifanyika Jumapili kwa taratibu zake. Kwa kuwa kesi ilikuwa ya Maryamu, hakuruhusiwa kulisimamia. Alisimama mlangoni, mikono nyuma, na ofisa mwingine akapanga mstari wa wanaume wa umri mmoja na umbo moja. Zaidi aliambiwa achague mahali pa kusimama, akachagua mwisho. Uvimbe ulishaisha, jicho lilikuwa safi kama la wengine. Mkuu wa upelelezi naye alikuja, akaegemea ukuta.

Mzee Kaniki aliingia na fimbo yake. Aliambiwa akimwona mtu anayemjua amguse bega. Alipita mstari wote bila haraka, akawatazama usoni mmoja mmoja, akafika mwisho, na mkono wake ukatua kwa Zaidi.

"Huyu. Alhamisi ya maziko ya ndugu yangu, kabla ya alasiri, nilimwona Kwemzumbi, mzigo kichwani, jicho la kushoto limevimba."

Ofisa aliandika. Mkuu wa upelelezi alijitoa ukutani. Alikuwa anapiga hesabu ambayo Maryamu alishaipiga kwa miguu. Jicho lililovimba kabla ya alasiri haliwezi kuvimbishwa na ngumi ya jioni.

Kazi ya shahidi ilikuwa imekwisha na ofisa alimwonyesha mzee mlango. Mzee hakuondoa mkono begani.

"Hujanipa pole," alisema.

Zaidi alimtazama kwa mara ya kwanza. Kisha yule kijana wa mabega mapana akashuka chini, akakaa kwenye sakafu ya saruji kama wanavyokaa watu matangani, mbele ya mstari wote ule wa wanaume waliokuwa wamekatazwa kusogea.

"Poleni, mzee wangu. Poleni kwa msiba mkubwa."

"Tumeshapoa," alisema Mzee Kaniki, akajisaidia kwa fimbo yake, akakaa chini karibu naye.

Ofisa alimgeukia Maryamu kwa macho, hajui kama hilo nalo linaandikwa. Lakini Maryamu alishafika uani anatafuta dereva. Kule Magoma kulikuwa na kijana wa bodaboda aliyeapa kwamba alimwona mtu kwenye mlango wa nyuma wa ghala, na mtu huyo saa ile alikuwa juu mawinguni.